Meza Zenye Makovu

Wifi yangu hauamini ukuta mpaka augonge. Siku alipoingia nyumbani kwetu kama bibi harusi, kabla hajakaa kitandani alikipima chumba kwa shubiri za mkono wake, kisha akatoka akamwambia mama, kwa heshima zote, kwamba kona ya dirishani haiko sawa. Mama alinivuta jikoni.

"Kaka yako hakuoa mke," alininong'oneza. "Ameoa mkaguzi."

Tangu hapo tukamwita Rula, naye hakukataa. Alisema jina la utani lililonyooka ni bora kuliko sifa iliyopinda.

Rula ni mchora ramani za nyumba. Amefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya usanifu majengo iliyo ghorofani, juu ya duka la vioo. Kazi humfikia ikiwa mistari michache tu ambayo Bosi wake ameichora kwa kalamu nene, na yeye huigeuza kuwa milango inayofunguka bila kugonga kitanda na ngazi ambazo mjamzito anaweza kuzipanda. Pembeni mwa kila ramani, chini kulia, kuna kisanduku chenye mistari mitatu: aliyechora, aliyekagua, aliyeidhinisha. Jina la Rula limekaa mstari wa kwanza siku zote. Mstari wa tatu ni wa msanifu aliyesajiliwa na bodi, mwenye mhuri wake, na shahada ya Rula ni ya usimamizi wa ujenzi. Kwa hiyo ziko nyumba nyingi mjini, watu wanalala na kuzaliana humo, na mchoraji wake anazipita barabarani kama mgeni. Nimewahi kutembea naye. Hanyooshei kidole hata nyumba moja. Hupunguza mwendo tu, kisha huendelea.

Mhuri wa ofisi ulikuwa wa Mzee, mshirika wa Bosi tangu walipoifungua. Alikuja kila ramani zilipokamilika, akautoa mhuri kwenye kasha la miwani, akaupiga, akanywa chai, akaondoka. Na kila Mzee alipoingia, Bosi alikumbuka jambo la nje. "Nashuka mara moja," angesema, na asingerudi mpaka wino umekauka. Wafanyakazi wengine walisema ni adabu, kwamba mdogo humpisha mkubwa. Rula aliliweka jambo hilo kichwani, pale anapoweka mambo yote ambayo hayajafika pembe mraba.

Mwaka jana mkono wa Mzee ulianza kutetemeka. Mihuri ikatoka imelala upande, na ofisi ya mji ikazirudisha ramani. Mzee akaufunga mhuri wake katika kasha na kusema mbele ya watu wote, "Jamani, tafuteni mwingine. Mkono huu sasa unapiga ngoma."

Jioni hiyo Rula alitutangazia mezani kwamba anataka kusoma shahada ya uzamili.

"Ya nini tena?" akauliza kaka yangu. Yeye ni fundi wa majokofu, na kwake kitu kinachofanya kazi hakifunguliwi.

"Nataka mstari wa tatu."

Nilimjua vya kutosha kuelewa kwamba akiukosa safari hii hatauomba tena.

Shida ilikuwa kwamba chuo kilikuwa na uzamili wa aina tatu, zote zikiitwa za usanifu majengo. Moja ilikuwa ya watu ambao tayari ni wasanifu na wanataka kubobea, hiyo haikumhusu. Zilibaki mbili. Ndefu ilichukua miaka mitatu, na ilikuwa ya watu kama yeye, waliotoka kwenye fani nyingine. Fupi ilimalizika katika nusu ya muda huo, kwa kuandika utafiti. Maelezo ya zote mbili yalijaa maneno mazuri kuhusu mustakabali na ubunifu, lakini hakuna mahali palipotamka wazi swali la Rula: nikimaliza, bodi itanisajili?

Alipiga simu bodi. Mwanamume aliyepokea alikuwa anatafuna.

"Leta vyeti vyako kwanza, tutaviangalia."

"Sina vyeti bado, kaka. Ndiyo maana nauliza kabla sijaenda kuvitafuta."

"Basi hatuna cha kuangalia," akasema yule bwana, akakata simu.

Hapo ndipo Bosi alipojitokeza na ushauri. Alimwita ofisini kwake, penye ile meza kubwa ya mbao iliyong'arishwa, ambayo mtu hakuruhusiwa kuweka kikombe bila kisahani.

"Binti yangu, nimesikia unataka kusoma. Vizuri sana. Chukua ile fupi. Uzamili ni uzamili tu, mbele ya safari hakuna anayeuliza ulipita njia gani. Na kiti chako kitakungoja."

Rula alishukuru, akarudi nyumbani moja kwa moja, akanikuta nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu.

"Wifi, yule mtu ana jambo."

"Jambo gani?"

"Bosi ni mtu ambaye nikiomba ruhusa ya kwenda msibani huuliza nani amekufa, na alikuwa nani kwangu. Leo ananiruhusu kwenda chuo, ananichagulia kozi, na kiti changu kinanisubiri. Tangu lini mvua ikanyesha bila mawingu?"

"Labda amezeeka, moyo umelainika."

"Moyo wake ni zege, wifi. Zege halilainiki, hupasuka."

Kuanzia siku ile nyumba yetu iligeuka ofisi ya upelelezi. Rula aliamini kwamba Bosi anataka asome kitu kisicho na mhuri ili abaki kwenye mstari wa kwanza mpaka uzeeni, akiwa amesoma na kuridhika. Keshoye aliamini kwamba kuna mpwa wa Bosi mahali fulani anayeandaliwa kushika nafasi ya Mzee. Alianza kufunga droo yake kwa ufunguo. Alianza kuangalia ni nani Bosi anampigia simu akiwa amesimama dirishani. Mimi nami, niliyekuwa nikimcheka, nilijikuta nikiuliza kila jioni, "Leo amefanya nini?" Shaka ni kama unyevu wa ukutani. Huanza na doa chini karibu na sakafu, na siku unapoliona limeshapanda hadi mabegani.

Kaka yangu peke yake hakushuku kitu, ila miaka.

"Mitatu?" alisema. "Mke wangu, kwa miaka mitatu watu wanajenga ghorofa, wanapangisha, wapangaji wanagombana, wanahama. Bosi wako amekupa njia fupi, unamtafutia makosa. Mchagua jembe si mkulima."

"Na asiyechagua hulimia mpini," akajibu Rula.

Mwishowe alisema haamini mdomo wa mtu yeyote; atakwenda chuoni aangalie vyumba. Aliniomba nimsindikize, kwa kuwa mimi nimesoma chuo na najua jinsi ya kuongea na walimu. Sikumwambia kwamba mimi mwenyewe nilisoma ualimu kwa kuwa ndiko foleni ilikokuwa fupi. Nilivaa viatu tukaenda.

Dada wa mapokezi alitupa vijitabu viwili vya kung'aa, kimoja kwa kila kozi. Rula akaviweka sambamba. Majalada yote mawili yalikuwa na picha ya msichana yuleyule, amevaa kofia ya ujenzi, anacheka.

"Huyu anasoma zote mbili?" Rula akauliza.

"Ni picha tu, mama."

"Naona ni picha. Nauliza anacheka kwa sababu ya kozi ipi."

Nilimfinya kiwiko, tukapanda ngazi.

Chumba cha kozi fupi kilikuwa juu kabisa. Kilikuwa na zulia, mapazia, na kompyuta zilizopangwa kwa mstari. Watu wachache walisoma kimya. Mwalimu mmoja mpole alitukaribisha, akatueleza kwamba hapo wanachunguza joto ndani ya nyumba, upepo, sauti, na namna watu wanavyoishi katika majengo waliyojengewa na wengine. Nilipendezwa, na nusura nijiandikishe mimi. Rula alikuwa hasikilizi. Alikuwa amepitisha kiganja chake juu ya meza, polepole, kama mtu anayempapasa mtoto aone kama ana homa. Akainama akatazama ukingo wake dhidi ya mwanga wa dirisha.

"Hapa hawakati," akaninong'oneza.

"Hawakati nini?"

"Twende chini."

Tuliisikia studio kabla ya kuiona. Ilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji, harufu ya gundi, na vipande vya kadibodi inayokatwa kutengeneza nyumba za mfano, kila mahali, kana kwamba kuna mji uliobomoka humo. Meza zilikuwa za mbao nene, na hakuna hata moja iliyokuwa nzima. Zilikuwa na makovu ya visu, mamia kwa mamia, mistari iliyokatana kama viganja vya vikongwe. Juu ya meza moja mtu alikuwa amechonga: USILALIE HAPA, GUNDI.

Mwanafunzi mmoja alikuwa amesimama mbele ya ukuta uliobandikwa michoro yake, na walimu wamemkalia mbele kama wakwe wanaotaka kujua mahari iko wapi.

"Mvua ikinyesha," aliuliza mwalimu mwenye penseli kwenye nywele, "maji ya paa hili yanakwenda kwa nani?"

Yule kijana aliutazama mchoro wake kama anauona kwa mara ya kwanza. "Kwa… jirani."

"Jirani anajua?"

Chumba kizima kikacheka, na yeye akacheka, jasho likimtoka. Niliona bega la Rula limeshuka, kama la mtu aliyefika kwake. Sijawahi kumwona akishusha bega katika nyumba ya watu.

Walipomaliza alimfuata yule mwalimu wa penseli, akamtajia shahada yake, akamuuliza swali lake bila kulipamba.

"Ukimaliza hapa," mwalimu akajibu, "ukafanya mafunzo ya kazini, bodi itakupokea kwenye mtihani wake. Kufaulu ni juu yako."

"Na wa kule juu?"

"Wale ni watafiti, na ni wazuri. Wanajua kuliko mimi kwa nini nyumba zetu zinatoa watu jasho. Lakini bodi haiwasajili kwa shahada ile. Mtu kama wewe, ambaye shahada yako ya kwanza si ya usanifu, ukipita kule utatoka msomi, hutatoka msanifu."

"Mbona hamwandiki hivyo?"

Mwalimu alichomoa penseli nywelani, akairudisha. "Tunawaambia wanaouliza. Mwenye haraka haulizi. Kila mwaka kuna mmoja anayerudi hapa kulia."

Njiani nilidhani mambo yamekwisha. Rula akasimama ghafla kando ya barabara.

"Huyu naye anasifia chake, wifi. Kila muuzaji husifu bidhaa yake."

"Sasa utamwamini nani?"

Alifikiri. "Meza. Meza haina sababu ya kunidanganya." Kisha akakaza uso. "Ila Bosi anayo. Na nitaijua."

Yaliyofuata alinisimulia jioni yake, neno kwa neno, na Rula hasimulii bila vipimo.

Mzee alikuja ofisini, safari hii kuaga tu na kuchukua vitu vyake. Bosi, kama kawaida, akakumbuka jambo la nje. Rula alimwacha afike chini, kisha akamfuata. Alikuwa ameshayapanga maneno: kwamba anajua anachezewa, kwamba kikulacho ki nguoni mwako, kwamba atatafuta ofisi nyingine. Alimkuta Bosi ndani ya duka la vioo, hanunui chochote. Alikuwa amesimama tu katikati ya vioo vya kujitazamia, wamejaa kina Bosi pande zote.

"Bosi, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Uliniambia kozi fupi ni sawa na ndefu. Nani alikuambia?"

"Jambo hilo linajulikana."

"Mimi silijui. Chuo hakilijui. Nimekwenda, nimeingia vyumba vyote viwili. Meza za kule juu hazina hata mkwaruzo mmoja."

Bosi hakugeuka. Alimjibu kupitia kioo.

"Hata enzi zetu zilikuwa hivyohivyo," alisema. "Safi."

Rula anasema hakuelewa mara moja. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, na mtu aliyejiandaa kwa uongo huchelewa kuutambua ukweli. Kisha mambo yote aliyoyaweka kichwani yakafika pembe mraba kwa pamoja: ile "nashuka mara moja", mhuri uliokaa kwa Mzee, na mstari wa tatu ambao Bosi hakuwahi kuutia saini hata siku moja, katika ofisi yenye jina lake mlangoni.

"Nilidhani uzamili ni uzamili," Bosi akasema. "Nilirudi na cheti, tukafungua ofisi, nikapeleka maombi bodi. Wakaniambia, shahada hii siyo. Kibao cha mlangoni kilikuwa kimeshachongwa. Mzee akasema, usijali, mhuri wangu unatutosha, utarudi chuo kazi ikipungua." Akacheka kidogo. "Kazi haikupungua."

"Kwa nini sasa ukanisukuma mimi hukohuko?"

"Ningekuambia usiende, ungeniuliza nimejuaje. Wewe hukosi kuuliza."

Kisha Bosi akaongeza jambo ambalo nadhani hakuna aliyemlazimisha kuliongeza.

"Na labda nilitaka tuwe wawili."

Hilo ndilo Rula alilorudi nalo nyumbani. Alikaa kitandani, chini ya ile kona isiyo sawa, akiligeuzageuza.

"Nilimshuku hila, wifi, nikamkuta na aibu. Lakini aibu yake ingenizika mimi vilevile. Sasa nimwonee huruma au nimchukie?"

Nina wanafunzi wanaoniuliza wasome nini, na najua jinsi ilivyo rahisi kumwonyesha mtu njia uliyopotelea wewe, ili usiwe peke yako huko ulikofika.

Alichagua ile ndefu. Kaka yangu alimsikiliza mpaka mwisho, habari za meza, za vioo na za mstari wa tatu, akakuna kichwa.

"Haya, nenda. Lakini ukipata huo mhuri, ramani ya kwanza iwe ya nyumba hii. Uinyooshe hiyo kona. Mama alikufa akiisikitikia, na wewe ndiye uliyemwonyesha."

Rula anasoma sasa. Asubuhi yuko studio, alasiri yuko ofisini, na vidole vyake vina gundi isiyotoka kwa sabuni. Bosi amekodi msanifu mwenye mhuri, kijana mmoja ambaye anakuja, anapiga, anaondoka bila hata chai. Na siku hizi, akija, Bosi anabaki palepale mezani. Rula hakumwambia mtu yeyote pale ofisini aliyoyasikia kwenye vioo. Lakini hakuacha kumwangalia. Kuna jambo jipya, aliniambia. Bosi alimuuliza siku moja, kama anayeuliza habari za hali ya hewa, eti huko studio wanapokea watu wenye mvi?

"Unaona? Anataka nini?"

"Anataka kusoma, Rula."

"Au anataka kunichunga nikiwa huko."

Ilimchukua muda kulifikisha swali kwa yule mwalimu wa penseli, ambaye alijibu kwamba wao hutazama michoro na kazi za mikono za mwombaji, nywele hazimo. Rula alilifikisha jibu kwa Bosi vilevile lilivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Bosi akasema, "Aa," akaendelea kusoma gazeti.

Juzi nilipita ofisini kumpelekea Rula miwani aliyoisahau. Bosi alikuwa ametoka. Rula akanishika mkono, akaniingiza katika chumba cha Bosi, akanielekeza kwa kidevu ile meza kubwa iliyong'arishwa.

"Unaona nini?"

Niliinama. Karibu na ukingo, upande wa kiti, kulikuwa na mkwaruzo mrefu mweupe, na mwingine pembeni yake, na tone la gundi kavu.

"Anakata kadibodi huyu," Rula akasema. "Anajificha."

Tukasikia viatu kwenye ngazi. Bosi aliingia, akatutazama, akaitazama meza yake, akalaza gazeti juu ya ile mikwaruzo kama anayemfunika mtoto aliyelala.

"Mnatafuta nini, kina mama?"

"Hakuna, Bosi. Wifi alikuwa anasalimia."

"Karibu sana," akaniambia, na masikio yake yalikuwa yamewiva.

Rula alinisindikiza hadi chini, mbele ya duka la vioo. Uso wake ulikuwa umekunjamana kama alipokuwa akishughulika na ile habari ya mpwa asiyekuwepo.

"Mistari yake imepinda," alisema hatimaye. "Kisu chake butu. Kwa kisu kile hata walimu wakimpenda hawatampokea."

"Sasa?"

"Kesho nitaacha changu mezani kwake, nijifanye nimekisahau." Akageuka kupanda ngazi, akasimama. "Lakini nitakitia alama. Asije akasema ni chake."